Sanduku la betri: nguzo ya usalama kwa gari linalogeuzwa kuwa la umeme

Mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo huunganishwa katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers (KVM) mjini Thika. Basi la namna hiyo hutengewa nafasi ya betri tangu linapochorwa. Mkazi wa Thika au Ruiru anayeng'oa injini ya petroli nyumbani na kuweka mota ya umeme huanza na gari lisilo na nafasi hiyo. Ndiyo maana sanduku la betri na jinsi linavyofungwa ni suala la uhai.

Uzito
Betri 8 za asidi za volti 12, zikiungwa mfululizo, hutoa volti 96. Betri moja ya ampea 100 kwa saa huwa na takriban kilo 30, hivyo zote ni kilo 240. Kanuni nambari 100 ya Umoja wa Mataifa hupima betri za magari madogo kwa mshtuko wa mbele au nyuma unaofikia mara 20 ya uzito wake. Kwa kipimo hicho, kilo 240 husukuma kama tani 4.8. Sanduku lililoshikiliwa na skrubu kwenye bati la sakafu litang'oka na kuwafuata abiria.

Mambo ya kuzingatia
1. Sanduku liwe la chuma imara, lifungwe kwa bolti kwenye chesisi au mihimili ya gari, na betri zibanwe kwa juu pia.
2. Likae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mbali na bampa. Uzito wote usizidi kiwango cha gari, la sivyo breki na springi zitalemewa.
3. Ndani liwekewe mpira au plastiki isiyopitisha umeme. Fyuzi iwe karibu na betri, na swichi ya kukata umeme ifikike kwa urahisi. Volti zaidi ya 60 za betri zinaweza kuua.
4. Betri za asidi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, gesi inayolipuka kwa cheche. Sanduku lake liwe na bomba la kupeleka hewa nje ya gari. Betri za lithiamu zihitaji kifaa cha kudhibiti chaji na joto la kila seli.
5. Maji ya barabarani yasiingie, hasa msimu wa mvua ndefu.
6. Uchomeleaji ufanywe kabla betri hazijawekwa.

Kabla ya kuingia barabarani
Mabadiliko ya injini huarifiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na gari likaguliwe. Kampuni ya bima nayo ijulishwe.

Moto ukitokea, watu wasogee mbali na wapige simu 999 au 112, wakieleza kuwa gari lina betri za umeme. Betri ya lithiamu iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.