Neno Lililowaponza Vikongwe

Ndugu msomaji, yamkini jioni moja mwanao atarudi kutoka shuleni na kitabu cha hadithi za Kiingereza, chenye picha ya bibi kizee aliyevaa kofia iliyochongoka, akipaa angani juu ya ufagio. Atakuuliza, "Baba, witch ni nini?" Utamjibu kwa neno moja, "Mchawi," kisha utaendelea kusoma gazeti lako. Hutakuwa umekosea, lakini utakuwa umemnyima mtoto kisa chenye mafunzo.

Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kilikuwa na maneno mawili: "wicca" kwa mchawi mwanamume, na "wicce" kwa mwanamke. Yote mawili yalitamkwa kwa sauti ya "ch", kama katika neno chai. Neno hilo limo hata katika sheria za Mfalme Alfred, aliyetawala tangu mwaka 871 hadi 899. Baada ya muda Waingereza waliacha kutamka irabu za mwisho, na maneno hayo mawili yakawa moja. Kwa karne kadhaa "witch" likawa sawa na neno letu mchawi, ambalo halibagui mume wala mke. Ni baadaye ndipo lilipomwelemea mwanamke.

Wapo wanaodai kwamba asili ya neno hilo ni hekima. Dai hilo lapendeza masikioni, lakini wataalamu wa lugha hawalikubali, na mzizi wake wa mbali ungali unabishaniwa. Neno lililotokana na hekima ni "wizard", ambalo katika karne ya 15 lilimaanisha mtu mwenye busara, na baadaye likawa jina la mchawi mwanamume. Hivyo mwanamume alipata jina lenye asili ya hekima. Mwanamke akabaki na lile la lawama.

Wala lawama hiyo haikuishia midomoni. Bunge la Uingereza lilitunga sheria dhidi ya uchawi mwaka 1542, kisha mwaka 1563 na 1604. Watu wapatao 500 walinyongwa nchini humo, wengi wao wanawake, na aghalabu maskini na wazee. Katika Ulaya nzima waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Mwaka 1736 Waingereza waliacha kuutambua uchawi kama kosa. Tangu hapo aliyeadhibiwa ni yule aliyejidai kuwa na uwezo huo.

Hata hivyo, neno hilo lilivuka bahari. Mwaka 1928 utawala wa Kiingereza ulitunga Sheria ya Uchawi kwa Tanganyika, ikiweka katika fungu moja kuroga na madai ya kuwa na elimu ya siri. Mganga naye wakamwita "witch doctor", yaani daktari wa uchawi. Hebu fikiri, msomaji: sisi husema mchawi huharibu na mganga hutengeneza. Kwa jina moja la kigeni, mponyaji alifungwa kamba moja na mharibifu.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ukiwa macho mekundu tu. Mama aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Ule ni moshi wa chakula alichowalisha watoto wake, na huenda miongoni mwao wamo waliomshtaki.

Basi mwanao atakapouliza, weka gazeti chini. Mwambie kwamba witch ni mchawi, na kwamba ni neno ambalo watu wengi wasio na hatia waliitwa kabla ya kuuawa. Kisha mpeleke akamwamkie bibi yake.