Apogee Scintilla
Apogee Scintilla ni spika bapa iliyotengenezwa na kampuni ya Apogee Acoustics ya Marekani katika miaka ya 1980. Badala ya koni ina tepe nyembamba za alumini zinazopitisha umeme na kutetemeka karibu na sumaku. Kwa sababu hiyo ukinzani wake ni takriban ohm 1 tu. Spika nyingi za nyumbani huwa na ohm 4 hadi 8.

Kufuatana na kanuni ya Ohm, volti 20 husukuma ampea 2.5 kwenye ohm 8, lakini ampea 20 kwenye ohm 1. Amplifaya ya kawaida hupata joto mno, hujizima au huunguza transista zake. Inayofaa ina transfoma kubwa, transista nyingi za kutolea mkondo na vipoza joto vipana. Wati zilizopimwa kwa ohm 8 pekee hazionyeshi kama itaimudu.