Kamyo yenye mzigo kidogo njo inaharibukisha viazi

Wandugu, mimi nilisoma agronomia, si mekanika. Lakini viazi vilinipeleka mpaka chini ya kamyo, na mambo nilikuta pale hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Mama mmoja tunafanya naye kazi upande wa Lubero alipakia mifuko 30 ya viazi ulaya kwenda Butembo. Kamyo ilikuwa ya zamani, yenye lame nene nyuma, na ingeweza kubeba mara tano ya ile mifuko. Mimi mwenyewe nilimwambia: «Mama, ni vizuri, kamyo haijajaa, viazi havitabanwa.» Tulifika, viazi safi kwa macho. Kisha siku mbili wateja wakaanza kurudisha: ukikata, ndani madoa meusi. Hasara ilikuwa yake, na shauri lilikuwa langu.

Ile weusi naijua, ni kazi yangu. Kiazi kikigongwa, seli za ndani zinapasuka hata kama ngozi iko nzima. Enzimu zinakutana na hewa, rangi inakuja polepole, siku moja ao mbili. Kwa hiyo viazi viligongwa njiani. Lakini kwa nini, na mzigo ulikuwa mwepesi?

Papa shofere mmoja mzee alinijibu paka kwa kucheka: «Kamyo tupu inarukaka, mwanangu.» Njo nikaenda kutafuta sababu.

Lame ni vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ponti ya nyuma. Fundi anavipima kwa mzigo kamili. Kuna hesabu moja ndogo ambayo mtu yeyote anaweza kufanya: chukua sentimita ambazo lame inashuka kwa uzito inaobeba, tafuta kipeo chake cha pili, halafu gawanya 5 kwa hicho. Unapata mara ngapi kamyo inapanda na kushuka kwa sekunde moja. Tuseme kamyo imejaa, lame imeshuka sentimita 4: kipeo ni 2, unapata mara 2.5. Kamyo karibu tupu, lame imeshuka sentimita 1 tu: mara 5 kwa sekunde. Mwili wa mtu unasumbuka sana na mtikisiko wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Wale wanaokaa juu ya mizigo wanajua hata bila hesabu, waulize mgongo wao.

Tena kuna jambo baya zaidi. Vile vipande vinasuguana. Shimo likiwa dogo na mzigo mdogo, msuguano unavishika, lame haisogei kabisa. Kinachobaki cha kupunguza pigo ni mipira peke yake. Kutu na matope vinazidisha. Na lame ikivunjika, garaje nyingi zinaongeza kipande kimoja ili isivunjike tena. Siwalaumu, barabara tunaijua. Lakini kila kipande kilichoongezwa kinafanya nyuma iwe ngumu zaidi.

Kamyo za zamani zenye ponti mbili nyuma ni afadhali kidogo, na hapa kuna akili nzuri. Magnus Hendrickson, aliyeanzisha kiwanda chake cha makamyo Chicago mwaka 1913, alitoa mwaka 1926 mfumo wa mhimili unaobembea: chuma moja nzito kila upande, katikati imeshikwa, na kila ncha inabeba ponti moja. Gurudumu moja likipanda jiwe la sentimita 20, katikati ya mhimili inapanda 10 tu. Pigo limegawanywa nusu. Ila lame ya juu yake ikiwa ngumu, kamyo tupu bado inaruka.

Dawa yenyewe ni mifuko ya hewa. Mzigo ukiongezeka, vali inaongeza hewa; mzigo ukipungua, inatoa. Hivyo ugumu unafuata uzito, na mtikisiko unabaki karibu uleule, kamyo tupu ao imejaa. Ulaya, tangu sheria ya mwaka 1992, ponti mbili za kuvuta zenye hewa ao mfumo wa kufanana nayo zinaruhusiwa tani 19 badala ya 18. Mfumo wa kufanana lazima usipite mara 2 kwa sekunde. Lakini mfuko wa hewa ukitobolewa na jiwe porini, nani atauziba? Lame iliyovunjika, shofere anafunga na kamba ya mpira na anafika nyumbani. Kwa hiyo lame zitabaki.

Safari iliyofuata, tulingoja siku mbili mpaka tukapata kamyo ya kushirikiana na wenye mahindi. Mahindi yalienda chini na nyuma, kupita ponti, kwa sababu pale kamyo inapiga mkia na mtikisiko unazidi. Viazi tukaviweka mbele ya ponti ya nyuma, si juu kabisa. Papa shofere alikubali pia kupaka grisi kati ya vipande vya lame, nusu saa ya kazi. Kisha siku tatu mama alikata viazi kumi mbele yangu, kimoja kimoja, bila kusema neno. Viwili vilikuwa na doa. Akaniambia sasa nimtafutie bei ya ile grisi.