KISITE: BAHARI KWA UPANDE WA CHINI

Wengi wetu tunaoishi Pwani twaijua bahari kwa juu tu. Twaogelea ufuoni, twala samaki, basi. Desemba iliyopita wazazi wangu waliamua twende Kisite, sisi sote pamoja na mjomba wangu ambaye ni mvuvi, tukaione kwa chini. Tangu turudi nimeulizwa maswali mengi darasani, nami nimeona afadhali niyajibu hapa mara moja.

Kisite iko kusini mwa kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, na safari huanzia Shimoni kwa mashua. Hifadhi yenyewe ina sehemu mbili. Kisite hakuvuliwi hata dagaa. Mpunguti wenyeji huruhusiwa kuvua kwa njia za kiasili, kama vile mshipi na dema. Mjomba haipendi habari hiyo. Njia nzima alinung'unika kwamba babu zake walivua pale bila kumwomba mtu ruhusa.

Vifaa ni miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya kuvaa miguuni. Watu hudhani miwani ni ya kuzuia chumvi tu. La hasha! Jicho limeumbwa kuona hewani. Mwangaza ukitoka majini ukaingia jichoni moja kwa moja, haupindi vya kutosha, ndiposa kila kitu huwa ukungu mtupu. Miwani huweka hewa mbele ya jicho. Lakini ina ujanja wake: samaki huonekana mkubwa zaidi kwa kama theluthi moja, tena karibu kuliko alivyo. Dada yangu mdogo alinyoosha mkono amshike mmoja, wapi! Akakamata maji.

Kaka yangu naye aliuliza kwa nini mrija usiwe wa mita mbili ili mtu ashuke chini kabisa. Jibu liko katika Fizikia. Kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyokukandamiza kifua, na misuli haiwezi kuvuta hewa kutoka juu. Aidha, pumzi unayoitoa hubaki ndani ya mrija mrefu, ukaivuta tena ile ile chafu. (Miwani ikishika ukungu, itemee mate uisuuze. Mama alikataa kata kata, hakuona kitu mpaka alipokubali.)

Sasa matumbawe. Nilidhani ni mawe, kumbe ni wanyama wadogo mno wanaojijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, unaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kuwapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huo hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na joto likidumu hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, wakati wa El Nino, matumbawe mengi ya Pwani yetu yalipokufa. Hii ndiyo sababu hukatazwa kusimama juu yake. Mgeni mmoja wa mashua nyingine alisimama wima apigwe picha, nahodha wetu akampigia kelele, "Wee bwana, shuka!"

Samaki nao wana kazi zao. Pono huguguna matumbawe kwa meno kama mdomo wa kasuku, kisha huyatoa yakiwa mchanga. Naam, sehemu ya ule mchanga mweupe tunaoupenda ni kinyesi cha pono! Kikande hula wale viumbe wa miiba mirefu myeusi inayochoma miguu. Akivuliwa akaisha, wenye miiba huzaana na kuukwangua mwamba mpaka unaharibika, na samaki wengine hukosa makao.

Mjomba amevua miaka mingi lakini hakuwahi kuvaa miwani. Alikaa majini kuliko sisi sote. Alipopanda mashuani nikamuuliza, "Mjomba, umeonaje?" Akasema, "Wamenona, mpwa wangu. Wamenona kwa kuwa hatuwali." Baadaye kidogo akaongeza kwamba samaki hana ukuta, wakijaa humu watatoka nje, na huko nje ndiko atakakotega dema lake. Hata hivyo bado anasema wavuvi wangeulizwa kwanza, nami naona ana haki.

Mkitaka kwenda, nendeni wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kusi huichafua bahari, na mawimbi yake si ya mchezo.