Umelemewa? Hata nabii Eliya alilala kwanza

KUNA asubuhi kijana unaamka na kukuta simu imejaa jumbe. Mwenye nyumba anaulizia kodi. Deni la simu limepita siku yake. Mama kule mashambani anataka kujua kama kazi imepatikana. Wote unawajibu kwa neno moja, “Niko sawa,” kisha unajifunika blanketi tena.

Nimewahi kuwa hapo. Baada ya kumaliza chuo, nilizungusha bahasha ya vyeti jijini Nairobi kwa miezi minane. Jumapili nilikuwa kwaya, naimba nikitabasamu. Nikirudi kwa chumba changu Githurai, nilishindwa hata kuwasha jiko. Kilichoniumiza zaidi si kukosa kazi. Niliamini kwamba Mkristo wa kweli hachoki, na kwa hivyo uchovu wangu ulikuwa dhambi.

Dada mmoja wa kwaya ndiye aliyening’amua. Hakuja na mahubiri. Alibisha mlango akiwa na ugali na sukuma wiki kwenye kopo, akangoja hadi nikamaliza kula, ndipo akauliza, “Haya, sasa niambie. Ni nini?” Nililia kama mtoto. Akiondoka, aliniambia nisome 1 Wafalme 19.

Sura hiyo inamhusu Eliya. Muda mfupi kabla, alikuwa amesimama peke yake kwenye Mlima Karmeli dhidi ya manabii 450 wa Baali, akashinda. Kisha Malkia Yezebeli akatuma habari kwamba atamuua. Shujaa huyo akatoroka hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Hebu soma tena hapo. Nabii, mtu wa maombi, alichoka hadi akatamani kufa. Na Mungu hakumkaripia.

Angalia alichofanyiwa. Alilala usingizi. Malaika akamgusa na kumwambia ale, na kando yake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni haba.

Alipopata nguvu ndipo alipotembea siku 40 hadi Mlima Horebu, na huko Mungu akamuuliza anafanya nini. Eliya akamwaga yote: kwamba amejitolea, kwamba amebaki peke yake, kwamba anasakwa auawe. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu. Akaulizwa swali lile lile, akarudia malalamiko yale yale. Mungu alimsikiliza mara zote mbili.

Kwa hivyo ukilia mbele za Mungu leo na kesho ukarudi na kilio hicho hicho, usiogope kwamba umemchosha.

Kisha Eliya alipewa vitu viwili. Kwanza, kazi ya kufanya. Pili, ukweli kwamba hakuwa peke yake: watu 7,000 katika Israeli hawakuwa wamempigia Baali magoti. Akapewa pia Elisha, kijana aliyemkuta shambani akilima, awe mwenzake.

Ndiyo maana ninakusihi, kijana mwenzangu, kama umelemewa, usianze kwa kujilaumu. Kula kitu, hata kama ni chai na mandazi. Weka simu mbali ulale. Kisha mwambie Mungu ukweli, kwa Kiswahili, kwa Kikamba au hata kwa Sheng, bila kupamba. Halafu usimwache “mtumishi” wako Beer-sheba. Tafuta mtu mmoja umwambie kwamba hauko sawa.

Na kama fikra za kujitoa uhai zimekujia, usibaki nazo chumbani peke yako. Mwambie mtu leo, au pigia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa nambari 1199 bila malipo. Kumwona daktari au mshauri nasaha si ukosefu wa imani. Eliya alihitaji mkono wa kumgusa na chakula cha kula, na Mungu ndiye aliyevituma.

Mimi sikupata kazi wiki hiyo. Ilichukua miezi mingine mitatu. Lakini Jumapili iliyofuata niliketi kwenye benchi la nyuma kanisani bila kutabasamu, na mtu aliponisalimu, “U hali gani?” nilijibu, “Si vizuri, niombee.” Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kupona kwangu.

Siku hizi nikimwona kijana kwaya akitabasamu kupita kiasi, huwa nambebea chakula kwanza. Maswali huja baadaye.