Ashley, jina lililohama

Tarehe 24 Juni 2012, jijini Kyiv, England ilitolewa na Italia kwa penalti katika robo fainali ya Kombe la Ulaya. Waliokosa upande wa England ni wawili: Ashley Young na Ashley Cole. Waingereza walilia na penalti zao, majina hayakumshangaza mtu. Lakini kwa Mmarekani wa rika la wachezaji hao, Ashley ni msichana aliyesoma naye darasa moja.

Asili ya jina hili ni mahali. Waingereza wa kale waliita hivyo eneo lililofyekwa penye miti ya ash, yenye mbao ngumu zinazofaa mipini. Vijiji vikalibeba, kisha koo zilizotoka huko. Lord Ashley, ambaye baadaye alirithi cheo cha Shaftesbury, ndiye aliyepigania bungeni sheria ya 1842 iliyowatoa wanawake na watoto wadogo chini ya migodi ya makaa ya mawe.

Ukoo ukazaa jina la mtu, na lilikuwa la mwanamume. Ashley Wilkes, katika riwaya ya Gone with the Wind ya 1936, ni askari wa Kusini mwa Marekani.

Njia ya kuhamia kwa wasichana ilikuwa imeshafunguliwa na Shirley. Hilo nalo lilikuwa la kiume hadi mwandishi Charlotte Brontë alipompa shujaa wa kike wa riwaya yake, mwaka 1849, kwa kuwa wazazi wa binti huyo walitarajia mwana wa kiume. Wamarekani walianza kuwaita mabinti Ashley kwa wingi baada ya miaka ya 1960. Mwaka 1982 likaingia sebuleni kupitia tamthilia ya The Young and the Restless. Mwaka 1991 na 1992 lilikuwa la kwanza kwa watoto wa kike nchini humo.

Wazazi wa wavulana wakalikimbia. Hapo ndipo panaponiuma. Binti akipewa jina la kiume, husemwa amepewa jina lenye nguvu. Mvulana akibaki nalo, huonewa huruma. Herufi ni zile zile. Kilichoshushwa thamani ni msichana, na hiyo si haki.

England wengi walipata njia nyingine: Ashley kwa wavulana, Ashleigh kwa wasichana. Matamshi ni yale yale, na watoto wa pande zote mbili wakaendelea kuitikia.