Mila ya Kujizuia: Wapiga Mbizi wa Scapa Flow

Anayewaona wapiga mbizi wakiondoka bandari ya Stromness, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, hudhani ni watu wanaotafuta sifa kwa kuchezea hatari. Maji ya Scapa Flow hata mwisho wa kiangazi hayazidi sana nyuzi 14 za Selsiasi. Wanachokifuata kimelala kizani, manowari nyingine zikiwa zaidi ya mita 40 chini: mabaki ya jeshi la maji la Ujerumani, lililojizamisha lenyewe tarehe 21 Juni 1919 kwa amri ya Admeri Ludwig von Reuter, lisije likagawanywa na washindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku ile zilizama meli 52 kati ya 74. Nyingi ziliibuliwa baadaye na wachuuzi wa chuma chakavu, na leo wageni huzifuata hasa saba: Markgraf, König na Kronprinz Wilhelm, pamoja na ndogo nne. Kwa maoni yangu, ukizichunguza desturi za watu hawa utakuta kwamba kinachowaunganisha si ujasiri. Ni kujizuia.

Desturi iliyo kubwa kuliko zote ni haki ya kughairi. Yeyote anaweza kusema haingii majini leo, hata kama amelipa na ameshavaa. Akiwa chini, akiinua dole gumba, ishara ambayo kwao ni amri ya kupanda, mwenzake hupanda naye bila kudai sababu. Mkongwe hutii dole la mwanagenzi. Kwa jamii yenye majigambo mengi mezani, huku ni kuipindua ngazi ya heshima, lakini kuna mantiki: katika kina hicho naitrojeni hulevya, baridi huganzisha vidole, hata kifaa cha kupumulia huweza kuganda, na anayejihisi vibaya ndiye shahidi pekee wa hali yake. Vivyo hivyo wanaoingia ndani ya meli huigawa hewa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la akiba lisiloguswa ila kwa dharura. Utaambiwa hayo ni masomo ya vyuo vya uzamiaji tu, si mila. Lakini cheti hakimfuati mtu chini ya maji. Anayejisifu kwamba aliibuka na mtungi mtupu huadhibiwa na wenzake, kwa kukosa wa kuzama naye.

Kujizuia kwa pili, kule kwa mikono, kumechelewa kuja. Zamani tuzo ya mpiga mbizi ilikuwa kidirisha cha shaba kilichong'olewa melini, na nyumba za wengi zilipambwa hivyo. Tangu mwaka 2001 mabaki hayo saba yanalindwa kisheria: tazama, usichukue. Basi ni hofu ya sheria? Sheria ilianzisha, sikatai, lakini polisi hayuko chini ya mita 40. Aliyeko juu ni nahodha, anayeona kila mfuko unaopandishwa, naye ndiye mzee wa mila hii. Kwenye HMS Royal Oak, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani Oktoba 1939 wakafa watu zaidi ya 830, kuzamia bila kibali hakuruhusiwi kabisa, kwa kuwa ni kaburi. Mwenye kubisha atauliza mbona Markgraf inatembelewa, ilhali kamanda wake, Walter Schumann, aliuawa kwa risasi siku ile ya 1919. Jibu ni kwamba yeye alizikwa nchi kavu, Lyness. Wale wa Royal Oak wengi wao wamo humo humo.

Pingamizi lenye uzito ni la kutu. Vyuma vinaporomoka, kwa nini shaba iachwe izikwe na matope badala ya kuwekwa pazuri? Lakini kidirisha kilichoko sebuleni kwa mtu hakimwelezi mtu mwingine chochote. Kikiwa mahali pake, huonyesha meli ilivyojengwa na ilivyopinduka. Makumbusho yanaweza kuomba kibali na kuandika kila kitu kilipotoka. Mpiga mbizi wa mapumziko hana daftari hilo, na siku hizi wengi wao hushuka na kamera tu.